Usiku Tisa Namanga, na Jibu Langu kwa Kijana wa Boma

Jumapili iliyopita natoka ibadani, nafungua simu, nakuta ujumbe wa kijana mmoja wa Boma Ng'ombe. Ana leseni ya daraja E. Miaka mitatu amekuwa kwenye Fuso la mahindi, Kibaigwa na Moshi, sasa tajiri mmoja wa Dar anataka kumkabidhi semi, lori la trela, njia ya Lubumbashi kule Kongo. Mkewe ana ujauzito wa miezi sita. Ameniuliza hivi: "Shikamoo kaka. Wewe ile njia uliiacha. Nichukue gari, au nibaki na hili Fuso nilale nyumbani?"

Nimemwambia nitamjibu hapa, maana swali lake si lake peke yake. Wengi mnaonisoma mnautamani usukani wa semi kama nilivyoutamani mimi. Hakuna utingo anayeomba azeeke kwenye Fuso.

Nilianza utingo mwaka 2008. Nimefunga turubai kwenye mvua, nimegonga matairi kwa nyundo usiku nikisikiliza lipi limelegea upepo, nimelala chini ya trela nalinda dizeli isinyonywe. Mwaka 2013 nikakabidhiwa kichwa changu cha kwanza cha semi. Dar, Chalinze, Morogoro, Mikumi, Kitonga, Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma. Hizo ni zaidi ya kilomita 900 na bado uko Tanzania. Ukivuka Nakonde una Zambia nzima mbele yako mpaka Kasumbalesa, ndipo uingie Kongo.

Kitonga, ule mlima mkali kabla ya Iringa, nimeupanda na mzigo na kuushuka na shaba miaka sita, na sijawahi kulaza gari. Hilo nalisema bila aibu. Kitonga unaishuka kabla hujaanza kuishuka: gia unaichagua kule juu, gari likiwa bado linakutii. Ukisubiri mteremko ukukolee na tani zote zile zinakusukuma mgongoni, gia huipati tena, unabaki na breki peke yake, na breki ikishapata moto ni kama hakuna. Nimepita pembeni ya magari ya wenzangu yaliyolala pale kwa kosa hilo moja. Mimi nilifundishwa na mzee mmoja wa Machame aliyekuwa haongei njia nzima, ila tukifika juu ya Kitonga ananishika mkono wa gia, anasema, "Hapa."

Na nilifurahi, nisidanganye. Lubumbashi wanaongea Kiswahili chao, kimechanganyika na Kifaransa, ugali wanauita bukari, na mama aliyekuwa anatupikia karibu na yadi alinijua kwa jina. Nyumba ninayokaa leo hapa Maji ya Chai ilijengwa na njia ile. Tofali kwa tofali. Kwa hiyo simtukani mtu anayeenda mbali kutafuta.

Ila nikwambie hesabu ambayo hakuna aliyenipigia mimi. Mwaka 2017 nilikaa na daftari langu la safari nikahesabu usiku niliolala kitandani kwangu. Zilikuwa usiku 41, katika mwaka mzima. Desemba ile ile nilifika Chalinze siku tatu kabla ya Krismasi. Mnajua barabara inavyokuwa wakati huo, Wachaga wote wanarudi nyumbani, magari yamejaa mabegi na watoto yanakata kulia kwenda Segera na Moshi. Mimi nikanyoosha kwenda Morogoro na kontena la mtu. Mama yangu Kibosho aliniwekea nyama wiki nzima.

Nikajiambia dawa ni njia fupi. Mwaka 2019 nikahamia gari la Arusha na Nairobi. Nikamwambia mke wangu, sasa nimerudi, Namanga mpakani ni kilomita 110 tu kutoka mjini, ni kama niko hapo sokoni.

Mwezi wa tano mwaka uliofuata Kenya wakaanza kumpima corona kila dereva kabla hajaingia. Foleni Namanga ikarudi nyuma mpaka ukawa huoni mwisho wake. Mimi nilikuwa na vitunguu vya Mang'ola. Nilifika Jumatatu. Tulilala pale usiku tisa.

Vitunguu havisubiri. Siku ya tatu harufu ilianza kubadilika. Siku ya tano maji ya kahawia yalikuwa yanadondoka chini ya trela, tone, tone, yanafanya kidimbwi kwenye vumbi, na nzi wameshajua. Mwenye mzigo ananipigia kila saa kana kwamba nina ufunguo wa mpaka. Kwenye hali hiyo, usiku wa siku ya sita, saa tano na dakika ishirini, mke wangu akapiga. Hakulia. Alisema, "Baba Joni, chupa imepasuka."

Nilishuka kwenye gari na funguo mkononi. Nikatembea hatua kama hamsini kwenda upande wa Arusha, nikasimama. Usafiri wa usiku hakuna. Na kila dereva anajua: ukiacha gari na mzigo barabarani, umeacha kazi, na mzigo ukipungua unaulipa wewe. Nikarudi, nikakaa kwenye ngazi ya kichwa, nikaanza kutafuta kwenye simu namba ya mtu yeyote aliyeko karibu na nyumbani kwangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba sina. Miaka kumi na miwili barabarani, nina namba za mafundi wa Mbeya, za mawakala wa Nakonde, za mama ntilie wa Makambako. Ya jirani yangu ninayepakana naye ukuta, sina.

Mke wangu ndiye aliyekuwa nayo. Kijana wa bodaboda wa nyumba ya tatu alikwenda kuazima bajaji, akampeleka hospitali, akakaa naye nje mpaka mama mkwe akafika kutoka Kikatiti. Binti yangu alizaliwa saa kumi na moja alfajiri. Nilimwona kwa macho yangu ana siku kumi na moja. Yule kijana binti anamwita baba mdogo mpaka leo, na ni haki yake kabisa.

Tajiri wangu alinipa posho ya siku nne, ile ya kawaida ya safari. Nilipomuuliza zile nyingine alinijibu, "Si ulikuwa umepaki? Ulikuwa unatumia nini?" Miaka mitano imepita na bado nikilikumbuka hilo jibu chakula hakishuki.

Mtadhani niliacha kazi siku ile. Sikuacha. Niliendelea miezi kumi na moja mingine, na hiyo ndiyo inayoniuma kuliko usiku wenyewe.

Mwaka 2021 nikapata Fuso la kusambaza soda na maji: Arusha, Tengeru, Usa River, Boma, Moshi mjini, na kurudi. Saa moja jioni niko nyumbani, labda iwe Jumatano au Jumamosi, siku za gulio la Tengeru, ambapo pale inapoishia barabara ya njia nne hakupitiki. Kipato kilishuka chini ya nusu. Shemeji yangu mmoja alisema mbele za watu, kwenye kipaimara, kwamba nimeshushwa cheo. Nilinyamaza. Leo nasema: kama kumwona mwanao akila ni kushushwa cheo, nishushwe tena.

Lakini sikilizeni hapa, maana wengi wanaoacha njia ndefu hawaambiwi hili. Kulala nyumbani si kuwa nyumbani. Mwezi wa kwanza nilikuwa naamka saa nane usiku, natoka nje na tochi kukagua tenki la gari ambalo halipo. Bomba la jikoni likavuja, nikaleta spana, mke wangu akaniambia kwa upole kwamba fundi wake anakuja saa nne. Fundi wake. Siku moja Joni alitaka kwenda kwa bibi Kibosho. Mimi nimekaa sebuleni, naangalia taarifa ya habari. Akapita mbele ya magoti yangu, akaenda jikoni kumwomba ruhusa mama yake, akapita tena kurudi. Hakunidharau. Hakukumbuka tu kwamba mimi ni mtu wa kuombwa. Kwao nilikuwa mgeni mwenye hela, na sasa hela zenyewe zimepungua.

Ilinichukua zaidi ya mwaka. Kilichonisaidia ni kushika kazi moja ya nyumbani ikawa yangu kabisa, isiwe ya kusaidia. Mimi nilichukua asubuhi ya binti: kumwogesha, kumchana, kumpeleka shule kabla sijaenda kupakia. Mwanzoni alikuwa analia anamtaka mama. Nikavumilia. Sasa nikichelewa kuamka ananivuta shuka.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Boma, na wengine wote, kaeni na wake zenu kabla ya kukaa na tajiri. Mkubaliane unatafuta nini: kiwanja, nyumba, Fuso lako mwenyewe. Mkubaliane na mwaka wa kurudi, muuandike. Njia isiyo na mwaka wa kurudi itakula ujana wako ukidhani unautumia. Posho ya siku za kusubiri mpakani iwe kwenye mkataba, kwa maandishi, la sivyo utaulizwa ulikuwa unatumia nini. Na simu ya jioni isiwe ya kuuliza kama hela imefika. Uliza mtoto amekula nini, amegombana na nani.

Na tuache kufichana: zile maegesho za Tunduma na Makambako zina usiku mrefu, na nyumba nyingi zimevunjikia pale wala si kwenye foleni. Nimezika wenzangu wawili. Jilinde, pima, na umheshimu aliyebaki na watoto wako.

Nanyi mnaolala nyumbani kila siku, msijipige kifua. Nawajua madereva wa hapa hapa Usa River wanaopaki saa kumi na mbili jioni na kuingia ndani saa sita usiku, wote wamelala. Huyo na wa Lubumbashi, mtoto wake anajua tofauti gani? Mungu amekupa jioni halafu unaipeleka baa.

Sasa jibu lako. Mzunguko mmoja wa Lubumbashi, ukikutana na foleni ya Kasumbalesa, unaweza kumaliza mwezi na zaidi. Mkeo amebakiza miezi mitatu. Mwambie tajiri utaanza mtoto akishatimiza arobaini. Akikubali, huyo ni mtu wa kumfanyia kazi. Akikataa, semi zinapita hapo Boma usiku na mchana, hazitaisha kupita.

Na vyovyote utakavyoamua, leo hii kabla hujalala, chukua namba ya jirani mwenye bodaboda.