Miezi 13 ni ya Uingereza, wewe uko Njombe: peleka barua leo

Usisubiri mwisho wa mwezi. Unasema umetuma fedha za mbegu za viazi kwenye akaunti isiyo sahihi, na umeambiwa una miezi 13 ya kulalamika. Hiyo miezi 13 ni ya Uingereza, imo katika Kanuni zao za Huduma za Malipo za mwaka 2017, nayo inahusu malipo ambayo mteja hakuyaidhinisha, ilhali wewe uliidhinisha mwenyewe kwa namba yako ya siri. Hata huko, mteja anatakiwa kutoa taarifa bila kuchelewa mara anapogundua. Miezi 13 ni ukomo tu. Aliyekupa ushauri huo bila kutaja nchi angenyamaza, tungemshukuru.

Fedha zangu mimi zilikuwa za mbao za Mafinga. Tarakimu mbili za akaunti zilipishana, na kwa kuwa mfumo wa taifa wa malipo, TIPS, hufikisha fedha papo hapo, zilikuwa kwa mtu nisiyemjua kabla sijamaliza kusoma ujumbe wa uthibitisho. Kabla ya kunicheka, ni kweli jina la mpokeaji lilitokea kwenye simu, lakini lilianza na Mwa-, kama la muuzaji wangu, na hapa Mbeya ukilitilia shaka kila jina la Mwa- hutamlipa mtu yeyote.

Mchana uleule nilikuwa tawini. Afisa wa huduma kwa wateja, kijana mwenye tai iliyonyooka kuliko maelezo yake, aliandika jina langu na namba ya simu nyuma ya karatasi ya kuwekea fedha, akaibana chini ya kikokotoo, akasema, "Usijali mama, itarudi yenyewe." Nikarudi nyumbani kusubiri kama nilivyoagizwa na mtu anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Nilipofuatilia, mpokeaji alikuwa ameshatoa kila kitu, kikaratasi hakikuonekana, na meneja akaniuliza, bila haya, lalamiko langu liko wapi. Kwenye kumbukumbu zao nilikuwa nimelalamika siku ile nilipoleta barua, si siku ile nilipopanga foleni nikitetemeka, na barua hiyo iliikuta akaunti ya mpokeaji ikiwa tupu. Benki haichomoi tu fedha kwenye akaunti ya mteja mwingine kwa sababu wewe unalia dirishani. Humtafuta mpokeaji ili aridhie, na akikataa utahitaji amri ya mahakama, kwa hiyo kila saa inayopita ni yake.

Usidanganywe pia na miaka 6 ambayo Sheria ya Ukomo inatoa kwa mashauri ya mkataba, maana hiyo ni ya kufungua kesi, si ya kuzuia fedha zisitolewe. Benki Kuu, yenye tawi hapa Mbeya, ina dawati la malalamiko, lakini itakuuliza kwanza kama ulikwisha kulalamika kwa benki yako na ulijibiwa nini, na hapo ndipo "niliongea na kijana mmoja" inapokosa thamani.

Andika barua leo: tarehe na saa ya muamala, kiasi, namba ya kumbukumbu, akaunti uliyokusudia na ile iliyopokea, na ombi kwamba benki ya mpokeaji ijulishwe mara moja. Toa nakala mbili, na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe ya leo mbele ya macho yako. Afisa akikataa kugonga, mwombe akatae kwa maandishi.