Seva inayonenepa kila siku: maswali ya wasomaji

SWALI: Salaam, wataalamu. Tuna seva tuliyoiandika kwa C++. Inapokea uzito wa korosho kutoka tableti 20 zilizoko maghalani na kuuhifadhi kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Kila tableti huulizia orodha ya stakabadhi kila baada ya sekunde 30, usiku na mchana. Programu ikiwashwa inakula memori MB 180, kisha inaongezeka takriban MB 900 kwa siku. Siku ya nne mashine yetu ya GB 4 inaelemewa na programu inauawa. Tunaiwasha upya, basi. Msimu unaanza Oktoba. Tuanzie wapi?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Namba mlizotoa zinasema mengi. Tableti 20, kila moja mara 2,880 kwa siku, ni maombi 57,600. Gawanyeni MB 900 kwa hayo, mnapata KB 16 kwa kila ombi. Kabla ya kufungua msimbo, thibitisheni kwamba ongezeko linaendelea hata usiku maghala yakiwa yamefungwa. Kila dakika 5 andikeni kwenye faili mistari ya VmRSS (memori yote inayoshikwa na programu) na RssAnon (ile iliyoiomba yenyewe) kutoka /proc/PID/status, mkiweka namba ya programu yenu badala ya PID. RssAnon ndiyo ya kuangaliwa zaidi, maana RssFile ni kurasa za mafaili ambazo kerneli, kiini cha Linux, inaweza kuzirudisha ikibanwa. RssAnon ikipanda sawasawa usiku kucha, kupokea uzito hakuhusiki. Kinachovuja, yaani kinachochukua memori bila kuirudisha, ni njia ya kuulizia orodha.

KB 16 zinalingana na jibu la hifadhidata lenye safu mlalo makumi kadhaa. Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni PGresult isiyofutwa. Kila PQexec, funksheni inayotuma swali kwa PostgreSQL, inarudisha jibu ndani ya PGresult ambayo lazima ipitishwe PQclear. Free() ya kawaida haifai hapo. Wengi hukumbuka hilo mwisho wa funksheni na kusahau return ya katikati, ile ya "hakuna data, toka". Na kuna mtego mwingine: swali likishindikana, PQexec bado inarudisha PGresult yenye ujumbe wa kosa, nayo inataka kufutwa vilevile. Kwenye C++ msitegemee kumbukumbu ya mwandishi. Ishikeni hivi:

std::unique_ptr<PGresult, decltype(&PQclear)> jibu(PQexec(c, sql), PQclear);

Hapo hata funksheni ikitokea mlango gani, jibu linafutwa.

Msianze kurekebisha kwa kuhisi, lakini. Chukueni nakala ya programu kwenye kompyuta nyingine, tumeni maombi 1,000 ili ipashe moto, pimeni RssAnon, kisha tumeni mengine 10,000 ya njia hiyo moja. Ikiongezeka karibu MB 156, mmeshaunasa uvujaji na mnaweza kuurudia wakati wowote. Isipoongezeka, jaribuni njia nyingine, moja baada ya nyingine.

Sasa kompailini upya kwa -g -O1 -fno-omit-frame-pointer -fsanitize=address, na hiyo ya mwisho iwepo pia wakati wa kulinki. Programu itakwenda karibu mara mbili polepole zaidi, jambo linalovumilika. Kwenye Linux ya biti 64, kikaguzi cha uvujaji kimo humohumo, ila hutoa ripoti programu inapomaliza kwa amani. Hapa ndipo wengi hukwama: mkiizima kwa kill -9, au kwa SIGTERM (ishara ya kuiomba programu itoke) ambayo programu haijaishughulikia, hakuna ripoti yoyote, na mtu anadhani msimbo wake ni safi. Wekeni kishughulikia SIGTERM kinachobadilisha bendera moja tu, mzunguko mkuu uione na kutoka kupitia main. Msiiendeshe ndani ya vyombo vya kuchungulia programu kama gdb wala strace, kikaguzi hakifanyi kazi humo.

Ripoti ikija, someni kwanza panapoandikwa "Direct leak". Zile za "Indirect leak" ni watoto wa hizo. Ukimrekebisha mzazi, nyingi hutoweka zenyewe. Kama hamwezi kukompaili upya, chombo cha Valgrind kwa --leak-check=full kinafaa, ila Memcheck yake hupunguza kasi mara 20 hadi 30. Punguzeni maombi yawe 200, vinginevyo mtakesha. Msichanganye Valgrind na -fsanitize=address kwenye programu moja.

Kuiwasha upya kila mara ni kufua maji chomboni bila kuziba tundu, walau chombo kisizame kabla hamjafika. Kwa muda huo wekeni MemoryMax=2G na Restart=always kwenye faili la systemd, msimamizi wa huduma za Linux. Bila kikomo hicho, memori ikiisha kerneli huchagua wa kuua, na inaweza kuangukia mchakato mmoja wa PostgreSQL. Hapo hifadhidata hukata miunganisho yote na kuanza kujirejesha, nanyi mnaanza kutafuta kosa pasipo na kosa.

SWALI: Nimefuata njia hiyo na ripoti inatoka tupu, lakini seva bado inanenepa. Ina thredi nyingi, mashine ina kori 4.
Msomaji, Nachingwea

JIBU: Kikaguzi kinataja memori isiyoshikwa na mtu tena. Yako huenda bado imeshikwa. Tazama kila std::map (ramani) inayopokea kitu na haina erase: vikao vya watumiaji, namba za stakabadhi, foleni ya ujumbe. Andika size() ya kila moja kwenye logi kila dakika 10. Inayopanda bila kushuka ndiyo hiyo. Usipoiona, endesha kwa heaptrack, chombo cha kufuatilia memori, utaonyeshwa mstari wa msimbo ulioomba memori nyingi iliyobaki.

Kama ramani zote zimetulia, mshuku mgawaji memori wa glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux. Kwa thredi nyingi anafungua maeneo hadi 8 kwa kila kori, kwako 32, na kila eneo linabaki na mabaki yake. Anzisha programu na MALLOC_ARENA_MAX=2 uone. Kwenye nakala ya majaribio, si seva inayotumika, unaweza pia kuita malloc_trim(0). RssAnon ikishuka sana, memori ilikuwa imeshaachiwa na programu. Glibc ilikuwa haijairudisha kwa kerneli. Huo si uvujaji, na kupekua msimbo hakutakusaidia.

SWALI: Amri ya free -h inaonyesha MB 150 tu kwenye "free". Seva inavuja?
Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Soma safu ya "available". Linux hutumia memori iliyokaa bure kuhifadhi mafaili yaliyosomwa, na huiachia programu zikiihitaji. Kama "available" haishuki siku hadi siku, lala salama.