Majani yakigeuka njano kwenye ndoo, kwanza acha kuweka yurea

Swali: Shikamoo bibi shamba. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi ghorofa ya nne Upanga, Dar es Salaam. Mwezi wa tano nilipanda mboga kwenye roshani yetu inayotazama kusini: sukuma wiki na spinachi kwenye ndoo za lita 20, giligilani na nanaa kwenye ndoo za lita 10. Kila ndoo nimeitoboa tundu moja chini na kuweka kokoto ili maji yasituame. Sasa ni wiki ya saba. Majani ya chini yamekuwa ya njano, spinachi imedumaa, giligilani imeanza kutoa maua ingali ndogo. Aliyeniuzia udongo alisema mimea ina njaa, kwa hiyo kwa wiki nne nimekuwa nikiweka kijiko cha chai cha yurea kwenye kila ndoo kila wiki. Juzi ameniletea na busta, dawa ya kukuza mimea, ya kupuliza, iko kwenye chupa ya maji. Hali inazidi kuwa mbaya. Niongeze nini? Na udongo huu niutupe? – Mama wa Upanga

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiongeze chochote. Na hiyo chupa ya busta, kabla hujaendelea kusoma, iondoe mahali watoto wanapoweza kuifikia. Nitarudi kwake baadaye.

Haipiti wiki bila mtu wa ghorofani kunitumia picha ya jani la njano akiuliza aweke mbolea gani. Hakuna anayenitumia picha ya mizizi. Tumezoeshwa kuamini kwamba njano ni njaa, na njaa dawa yake ni yurea. Shambani, kwenye mahindi yaliyopandwa kwenye ardhi iliyochoka, mara nyingi ni kweli. Kwenye ndoo iliyojazwa udongo mpya wiki saba zilizopita, kwa kawaida si kweli, na anayekuambia ni kweli bila kuugusa huo udongo anabahatisha kwa pesa yako.

Tuipige hesabu hiyo yurea, maana nadhani hujawahi kupigiwa. Kijiko cha chai ni kama gramu 4. Mdomo wa ndoo ya lita 20 una upana wa karibu sentimita 30, kwa hiyo ndoo 14 zikipangwa zinajaza eneo la mita moja ya mraba. Ekari ina mita za mraba 4,000 na ushee. Kijiko chako kimoja kwa wiki, kikitandazwa hivyo kwenye ekari nzima, ni zaidi ya kilo 220, yaani mifuko minne na nusu ya kilo 50. Mkulima wa mahindi hushauriwa kuweka kama mfuko mmoja wa yurea kwa ekari kwa msimu mzima. Wewe kwa wiki nne umeweka sawa na mifuko 18. Na shambani mvua huishusha mbolea chini sana, mizizi ikaifuata. Kwenye ndoo mbolea haina pa kwenda, nayo mizizi haina pa kuikimbilia.

Yurea ina naitrojeni asilimia 46. Ikiingia kwenye udongo wenye unyevu hugeuka, na ikizidi hutoa amonia inayounguza ncha za mizizi, zile nyembamba zinazofyonza maji. Mmea uliounguzwa hivyo hauli tena. Majani yanazidi kuwa ya njano, kingo zinakauka na kuwa kahawia, mwenye ndoo anaona njaa imeongezeka na anaongeza kijiko. Nimeona watu wakiua ndoo ishirini kwa mwezi mmoja namna hiyo, kwa nia njema kabisa.

Lakini yurea ni kosa la pili. Naamini njano ilianza kabla yake, na ilianzia kwenye kokoto.

Hapa naomba unisikilize vizuri, maana hili la kokoto limeota mizizi kuliko mimea yenyewe. Nenda jikoni, chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweke hadi ishibe, kisha ishike juu ya beseni ikiwa imelala kama chapati. Itachuruzika, halafu itaacha. Sasa isimamishe wima. Itaanza kuchuruzika upya, ingawa hukuikamua. Kilichobadilika ni kimo tu. Udongo ndani ya chombo una tabia hiyo hiyo. Chini kabisa hubaki tabaka lililoshiba maji ambalo haliwezi kujikamua lenyewe, na unene wake unategemea aina ya udongo. Maji hayaachi vitundu vyembamba vya udongo yakaingia kwenye nafasi pana za kokoto mpaka udongo ulio juu ya kokoto umelowa kabisa. Kwa hiyo ukiweka sentimita nane za kokoto, tope halishuki kwenye kokoto. Linakaa juu yake, sentimita nane karibu zaidi na mizizi. Umeufanya udongo wako uwe mfupi, sawa na kuilaza ile sponji.

Mizizi inapumua. Inahitaji oksijeni usiku na mchana, na oksijeni hupenya kwenye maji polepole mno, karibu mara 10,000 kuliko inavyopenya hewani. Vitundu vya udongo vikijaa maji siku tatu nne mfululizo, mizizi inakosa pumzi, inageuka kahawia, inaoza. Mmea usio na mizizi hai hauwezi kuchukua naitrojeni hata ukiulaza juu ya gunia la mbolea. Njano ya mmea unaozama na njano ya mmea wenye njaa zote huanza majani ya chini, ndiyo maana jani peke yake halitoshi kutoa hukumu.

Kinachotoa hukumu ni kidole na pua. Chomeka kidole mpaka pingili ya pili. Kama umemwagilia jana na leo udongo bado unanata, hakuna njaa hapo. Kisha ng'oa mche mmoja wa spinachi, ule uliodumaa zaidi, hata ukiuhurumia. Mizizi mizima ni myeupe na migumu, inanukia udongo wa mvua ya kwanza. Iliyooza ni ya kahawia, ukiivuta ganda linatoka na kuacha uzi, na harufu yake ni ya mtaro. Angalia pia ukingo wa ndoo kwa ndani. Ukiona utando mweupe, hiyo ni chumvi: ya yurea na ya maji. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na majengo mengi hayategemei bomba peke yake. Kama chai ikipikwa kwa maji ya kwenu inaonjeka chumvi, mboga nazo zinaionja.

Kuna jambo moja ambalo muuzaji wa udongo hakukuuliza, nalo ni jua. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mwezi wa sita na wa saba jua linachomoza kaskazini-mashariki, linapita upande wa kaskazini wa anga na kuzama kaskazini-magharibi. Roshani inayotazama kusini wakati huu haipati jua la moja kwa moja hata saa moja. Kuanzia Oktoba hadi mwishoni mwa Februari jua la mchana linahamia upande wako, ila saa sita linakuwa juu mno, na dari ya ghorofa ya tano italizuia, likuachie ukanda mwembamba tu karibu na ukingo. Mmea ulio kivulini hunywa maji kidogo. Mtu wa roshani ya kaskazini anaweza kumwagilia kila siku mwezi huu na mboga zikastawi. Wewe ukimfuata, unazizamisha.

Kwa hiyo fanya hivi. Toa mimea, mwaga udongo juu ya gunia. Usiutupe. Kokoto zipe kazi nyingine. Kila ndoo itoboe matundu sita hadi manane ya upana wa kidole kidogo, mengine ubavuni karibu na kitako, na uiweke juu ya vipande viwili vya mbao isikae kwenye sakafu yenye maji. Funika matundu kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, udongo usitoke. Kama udongo wenyewe ni ule mweusi unaonata ukiushika mkononi, na wengi wanaouza udongo mitaani wanauza huo kwa kuwa rangi yake inavutia, changanya sehemu moja yake na sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza vizuri, na sehemu moja ya pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi bila kuwa majivu. Vumbi la makumbi ya nazi nalo linafaa, ila lioshe kwanza kwa maji baridi, linabeba chumvi. Mchanganyiko huo ni mwepesi pia. Ndoo moja ya udongo mtupu uliolowa inaweza kuzidi kilo 30, na roshani haikujengwa kwa ajili ya shamba.

Chumvi ya yurea itabidi uisuuze. Ndoo ya lita 20 inahitaji kama lita 40 za maji baridi yasiyo na chumvi, polepole, yakipita na kutoka chini. Fanya bafuni, au utagombana na jirani wa ghorofa ya tatu. Kisha kaa wiki tatu bila mbolea yoyote. Mmea ukitoa majani mapya yenye rangi nzuri, hapo ndipo unaanza kuulisha: nusu kijiko cha chai cha mbolea ya NPK 17-17-17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiwango sawa) kwa ndoo kubwa, mara moja kwa mwezi, kwenye udongo wenye unyevu, mbali kidogo na shina. Mboga inayochumwa kila wiki kweli humaliza chakula cha ndoo baada ya miezi miwili mitatu. Sisemi mbolea ni adui.

Giligilani isikusumbue akili. Joto la Dar huifanya ikimbilie maua, na hakuna kitakachoizuia. Ipande upya kidogo kidogo kila baada ya wiki tatu, uivune changa. Nanaa itakuvumilia hata kivulini. Sukuma wiki na spinachi, kwa roshani hiyo na msimu huu, zitakupa majani membamba tu. Ukipenda, weka tangawizi na manjano, zinastahimili kivuli, na mboga zinazopenda jua uzirudishie Oktoba, ukiziinua juu ya benchi karibu na ukingo.

Sasa hiyo chupa.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja kuangalia pilipili zilizonyauka. Mwenyeji alinifungulia kabati la jikoni aniletee "dawa" aliyouziwa. Ilikuwa kwenye chupa ya maji ya nusu lita, nyeupe kama maziwa, imesimama kando ya chupa ya juisi ya watoto. Haikuwa na jina wala tarehe. Aliyemuuzia alimwambia ni ya "kila kitu": wadudu, ukungu na kukuza. Hakuna kitu kama hicho. Kinachoua vidukari hakikuzi mmea, na anayekuuzia kimoja kwa kazi zote hajui anachouza, au anajua na hajali. Siku ile nilitetemeka, na mpaka leo nikiona chupa ya maji yenye kimiminika nisichokijua naikumbuka ile.

Kiuatilifu kinachouzwa kihalali nchini husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, na mbolea husimamiwa na mamlaka yake, TFRA. Kibandiko ndicho kinachokuambia kiambato ni nini, unachanganya kiasi gani, na usubiri siku ngapi kati ya kupuliza na kuvuna. Hizo siku za kusubiri ndizo zinazonikosesha usingizi. Mtu anapuliza spinachi asubuhi na kuwapikia wanawe jioni, kwa sababu aliyempimia kwenye chupa hakumwambia kuna kusubiri. Mboga za majani hazina ganda la kumenya. Unachopuliza ndicho unachokula. Na roshani si shamba la ekari tatu ambako upepo unachukua harufu: dirisha la chumba cha watoto liko pale pale, nguo zimeanikwa pale pale.

Kwenye ndoo chache hauhitaji sumu ya wadudu kabisa. Vidukari huondoka kwa kumwagiwa maji kwa nguvu chini ya majani, siku tatu mfululizo. Wakikaidi, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, upulize jioni, usuuze asubuhi. Mche ulioshambuliwa sana, ng'oa. Wanaopita kwenye magrupu ya WhatsApp ya wapangaji wakiuza chupa zisizo na jina wanawategemea ninyi msiokuwa na jirani mkulima wa kumuuliza. Muulizeni kila mmoja wao kiambato ni nini. Asipokitaja, mfungieni mlango.

Hiyo yako usiimwage kwenye sinki wala chooni. Ifunge vizuri, iandike kwa kalamu kubwa kwamba ni sumu, na umrudishie aliyekuuzia. Akikataa, ipeleke kwa afisa kilimo wa kata yako, umwambie na ilikotoka. Kisha ng'oa ule mche wa spinachi leo jioni, uoshe mizizi, uipige picha kwenye mwanga wa mchana kesho, unitumie. Safari hii jani sitaki kuliona.