Binti yangu anataka kuwa Jaji wa Rufani

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala. Binti yangu yuko kidato cha nne. Siku moja alimsindikiza mjomba wake kwenye kikao cha Mahakama ya Rufani pale Mtwara, na tangu arudi anasema atakuwa Jaji wa Rufani. Je, mtoto wa kike anafika? Ni njia ya miaka mingapi? Nataka kujua kabla hela ya mnada haijaisha.
Mama wa Newala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilikuwa karani wa masjala ya mahakama mpaka nikastaafu, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Anafika. Jaji Eusebia Munuo alikuwa mwanamke wa kwanza kuketi Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ndiyo mahakama ya juu kabisa nchini, na baada yake wameketi wengine wengi.

Njia ni ndefu. Baada ya kidato cha sita kuna shahada ya sheria, miaka mitatu au minne kutegemea chuo, kisha mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Hapo ndipo anaanza: hakimu, wakili wa serikali, au wakili wa kujitegemea. Wengi hupitia ujaji wa Mahakama Kuu kwanza. Jaji wa Rufani huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu, na hustaafu akiwa na miaka 65. Hata hivyo, kila mmoja huja na historia yake. Marehemu Augustino Ramadhani alikuwa mwanajeshi, akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar, akaingia Rufani mwaka 1989, na kuanzia 2007 hadi 2010 akawa Jaji Mkuu wa Tanzania.

Lakini mwanangu, mweleze binti yako kazi yenyewe. Majaji wa Rufani huketi watatu, mara chache watano, na kwa kawaida shahidi hasimami mbele yao. Wanachokisoma ni mwenendo wa kesi ulioandikwa kule mahakama za chini. Niliwahi kuona rufaa ikiahirishwa kwa sababu kurasa za ushahidi hazikuwemo kwenye jalada. Mrufani aliletwa kutoka gerezani, mama yake alikuwa amesafiri na chakula kwenye kikapu, na wote wawili wakaondoka vilevile walivyokuja. Mahakama hiyo siitaji, ila kikapu kile sijakisahau. Majaji walikuwa wamesoma jalada zima, wakajua ushahidi ulikatikia ukurasa gani. Huo ndio ujaji wa Rufani ninaoujua mimi: kusoma kila mstari kwa ajili ya mtu ambaye maisha yake yamo humo kwenye karatasi.

Kwa hiyo ada ya sasa iende kwenye masomo ya lugha. Kidato cha tano achukue HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) au HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi za Rufani bado ni za Kiingereza, naye atazisoma kwa mamia. Jioni mpe habari ya gazeti aisome, aifunge, kisha akusimulie nani alisema nini. Akiongeza neno ambalo halimo, mrudishe mwanzo.

Vikao vya Rufani ni vya wazi. Wakija tena Mtwara, mlete asubuhi na mapema, akae na daftari lake.