Kingamwili hii au kingamwili hiki?

Msomaji anayeandaa kipeperushi cha wagonjwa anauliza: "Niandike 'kingamwili hiki kinagundua saratani ya seli za B' au 'kingamwili hii inagundua'?"

Andika hii, na wingi wake hizi. Neno kingamwili (protini ya kinga, antibody kwa Kiingereza) limejengwa juu ya kinga, nomino iliyotokana na kukinga, na ki- yake ni sehemu ya mzizi, si kiambishi cha ngeli. Twasema kinga ya mwili, hatusemi kinga cha mwili, basi kingamwili nayo inafuata huko huko. Ipo kinga nyingine ambayo wingi wake ni vinga, ile ya "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo", lakini hiyo ni ukuni unaowaka. Anayeandika vingamwili amechukua wingi wa kuni.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hilo "inagundua". Kingamwili haigundui saratani; inashika alama iliyo juu ya seli. Chukua ile inayoshika CD20, protini iliyo mojawapo ya alama hizo. Alama hiyo imo kwenye seli B (aina ya seli nyeupe za damu) zilizokomaa, zilizo nzima na zenye saratani vilevile. Mgonjwa akisoma kwamba kingamwili "imegundua", ataingiwa na hofu, kumbe pengine kipimo kimeonyesha tu kwamba seli zake ni za ukoo wa B.

Anayebaini ni mtaalamu, tena kwa kulinganisha alama kadhaa. Kila seli B hubeba mnyororo mwepesi (sehemu ya kingamwili yake) wa aina moja, kapa au lamda, na kwa mtu mzima wa afya seli za aina zote mbili huwa zimechanganyika. Zikikutwa karibu zote za aina moja, hiyo ni dalili kwamba zimezaliwa na seli moja. CD5 na CD23 zikionekana pamoja kwenye seli B, madaktari hufikiria leukemia sugu ya limfosaiti, aina ya saratani ya damu. Kwa limfoma ya Burkitt, saratani ya seli B ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji Kampala, hutafutwa CD10 pamoja na CD20.

Kwa hiyo ningeandika: "Kingamwili hii hushika alama ya CD20 iliyo juu ya seli B. Daktari hutumia matokeo yake pamoja na vipimo vingine ili kubaini saratani." Na seli B iache bila "za", kama tunavyosema vitamini C.