Kamba ya Babu Iliishia Pima Arobaini

Swali lenu la wiki hii linasema: "Utotoni, ni jambo gani uliamini utalijua ukishakuwa mtu mzima, na je, sasa unalijua?" Nimelisoma nikiwa kibandani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, chuma cha kuchomelea risasi kikiwa mkononi, na nilipomaliza kuwaza chuma kilikuwa kimepoa.

Mimi nilikuwa nasubiri kuambiwa miisho. Bahari inaishia wapi, pango linaishia wapi, mbingu inaishia wapi. Niliamini watu wazima wote wameshafika huko, wakaona, wakarudi, na kwamba wakati wangu ukifika nitaitwa pembeni niambiwe. Nilipopelekwa jandoni nilidhani ndiyo siku yenyewe. Nilifundishwa mengi ya maana ambayo ninayashika hadi leo, lakini miisho haikutajwa.

Nililelewa Sahare, nyumbani kwa babu yangu mzaa mama, aliyekuwa mvuvi. Shule zikifungwa alinichukua kwenye ngalawa yake. Alikuwa na bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye fundo kila pima moja, na chini ya ile risasi alipaka nta. Bildi ikigusa chini, nta huchota kilichopo. Ikija na mchanga, babu alisogeza chombo. Ikija haina kitu ila mikwaruzo, alijua tumeukalia mwamba, akatia nanga tukaanza kuteremsha mishipi. Hakuwahi kuona chini ya bahari hata siku moja, lakini aliijua kama mtu anavyokijua chumba chake gizani.

Siku moja tulitoka nje ya miamba, mpaka pale maji yanapoacha kijani na kuwa buluu nzito. Babu akateremsha bildi, mimi nikihesabu mafundo. Ishirini. Thelathini. Arobaini. Kamba ikafika mwisho, risasi inaning'inia tu.

"Babu, chini iko wapi?"

"Kamba imekwisha. Bahari haijaisha."

"Kwa hiyo hujui?"

"Sijui. Ninachojua ni kwamba hapapungui pima arobaini."

Nilinuna mpaka tunafika pwani. Nilikuwa na miaka tisa, na huyu ndiye mtu niliyemtegemea kuliko wote. Ilinichukua umri mrefu kuisikia sentensi yake ya pili.

Wakati ule ule, chuoni, maalimu wetu alikuwa akimaliza kufafanua jambo husema "Wallahu aalam", yaani Mungu ndiye ajuaye zaidi. Na shuleni, nilipomuuliza mwalimu mmoja ulimwengu unaishia wapi, aliniambia nikae chini, swali hilo halimo kwenye mtihani. Wenzangu wakacheka. Sikuuliza tena kitu darasani mpaka namaliza la saba. Kwa akili ya kitoto niliwaweka wote watatu, babu, maalimu na mwalimu, kwenye kapu moja: watu wazima wanaonificha.

Kilichonituliza ni Mapango ya Amboni. Tulipelekwa tukiwa darasa la tano, tukashuka Kiomoni karibu na Mto Mkulumuzi, tukaingia kwa kurunzi, popo wakipita juu ya vichwa. Mtu aliyetuongoza alikuwa na majibu yote. Tundu hili linatokea Mombasa. Lile linakwenda hadi Kilimanjaro, na mbwa aliyepotelea humu alionekana upande wa Moshi. Nilitoka nimejaa furaha. Kumbe wapo wanaojua! Kwa miaka mingi nilimsimulia kila mgeni wa Tanga habari za yule mbwa.

Kisha mwaka 1994 wapimaji kutoka Ujerumani na Uturuki waliyapima mapango yale. Walihesabu kumi, na lililo refu kuliko yote lilikuwa na meta 900 hivi. Ni mwendo usiofika hata robo saa kwa mguu. Niliposikia habari hiyo nilikuwa kijana, najifunza ufundi wa redio, na niliumia kama mtu aliyeibiwa. Pango nililoaminishwa kuwa mwisho wake uko Moshi, kumbe mwisho wake ulikuwa karibu.

Lakini Tanga haikuwa imemaliza na mimi. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa pwani ya Tanzania walianza kumnasa samaki ambaye hawakuwa na jina lake, na haikupita muda akawa ananaswa zaidi kwetu Tanga, kwenye majarife ya papa yanayotegwa kwenye kina kirefu. Silikanti. Niliwahi kumwona mmoja amelazwa sakafuni, kule wanakoshushia samaki. Mkubwa kama mtoto wa darasa la tatu, magamba kama ngao, rangi ya buluu iliyoanza kufifia na madoa meupe, na mapezi yenye mikono ndani yake, nyama na mfupa, utadhani alikuwa anajiandaa kutembea. Hakuna aliyekuwa na haraka naye kwa sababu nyama yake ina mafuta mengi na hailiki. Mzee mmoja aliyekuwa amechutama pembeni alirudia mara mbili kwamba amevua tangu utoto wake na hakujua kama huyu yupo.

Naye hakuwa peke yake. Wasomi wa dunia nzima waliamini ukoo wa samaki huyo ulitoweka miaka kama milioni 66 iliyopita, pamoja na madubwana ya zamani, mpaka mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa jumba la makumbusho la mji wa East London, Afrika Kusini, alipomkuta mmoja katika shehena ya meli ya uvuvi. Mifupa ya jamaa zake iliyogeuka mawe ina umri wa hadi miaka milioni 400. Tangu mwaka 2009 tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa Tanga, kwa ajili yake.

Nisikilizeni sasa, maana hapa ndipo penye moyo wa jibu langu. Silikanti mchana hulala mapangoni, mara nyingi kwenye kina cha meta 100 na zaidi. Pima moja ni kama meta 1.8. Kamba ya babu, pima arobaini, ilifika meta 72. Siku ile nilipokuwa nimenuna, bildi ikining'inia, huenda alikuwapo chini kidogo ya risasi ile, ndani ya pango lake. Na jiwe la chokaa la Amboni nalo lilitengenezwa chini ya bahari, miaka kama milioni 150 iliyopita, wakati jamaa za samaki huyo wakiogelea tayari. Nilikuwa nimelia kwa pango lisilofika Moshi, na nyuma ya mgongo wangu kulikuwa na haya.

Babu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Ningempa nini ili nimwambie! Lakini nadhani asingeshtuka sana. Yeye hakusema chini hakuna kitu, wala hakunitungia kitu. Alisema hapapungui arobaini, na ilikuwa kweli tupu.

Kwa hiyo nililolijua kwa kukua ni kwamba "sijui" ziko mbili. Iko ya mlangoni, ambayo mtu huisema ili asisumbuliwe, na hiyo ndiyo niliyopewa darasani. Na iko ya mwisho wa kamba. Ya pili haipatikani mpaka uishushe kamba yote, uhesabu mafundo, na uweze kusema umefika wapi. Maalimu wetu alikuwa na hiyo ya pili. "Wallahu aalam" yake haikuwahi kutangulia; ilikuja baada ya kueleza saa nzima yale aliyoyasoma, na nani alisema nini, na wapi walipotofautiana. Nilikuwa nasikia neno la mwisho tu, ile saa nzima naisahau. Na yule kiongozi wa pangoni, Mungu amrehemu kama hayupo, hakuwa na sijui ya aina yoyote. Ndiyo maana nilimpenda. Mtoto humpenda asiye na sijui.

Kazi yangu imenifikisha kwenye fundo jingine la kamba, kubwa kuliko yote niyajuayo. Mimi napambana na kelele. Redio ikiletwa inakoroma, televisheni ikiletwa ina chenga, mteja anataka viondoke. Nilifanya hivyo zaidi ya miaka ishirini bila kujua mojawapo ya vitu nilivyokuwa naviondoa ni kitu gani.

Mwaka 1964, huko New Jersey, Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa yenye umbo la baragumu, na ndani yake mkoromo usiokatika. Waliielekeza kila upande wa anga, mkoromo ule ule. Mchana na usiku, ule ule. Walikuta njiwa wamejenga ndani, wakawatoa, wakasugua kinyesi chote, na mkoromo ukabaki. Fundi yeyote atawaonea huruma hapa: umebadilisha hiki, umekaza kile, umesafisha, na ugonjwa uko pale pale. Waliokuja kuwaeleza walichonacho ni wataalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton, kundi la Robert Dicke, ambao wenyewe walikuwa wanajiandaa kuutafuta. Haukuwa ubovu. Ilikuwa nuru kongwe kuliko zote, iliyoanza safari ulimwengu ukiwa na umri wa miaka kama 380,000. Sasa ulimwengu una miaka kama bilioni 13.8. Njiani anga limetanuka na nuru ile imevutika pamoja nalo mpaka imekuwa mawimbi ya kunaswa na antena. Mwaka 1978 wawili wale walipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa nini 380,000, kwa nini isiwe siku ya kwanza? Kwa sababu kabla ya hapo kila kitu kilikuwa na joto kali mno, nuru haikuweza kwenda mbali bila kugonga chembe na kupotezwa njia. Aliyewahi kupanda Lushoto kwa gari asubuhi ya ukungu anaelewa: taa unaziwasha, zinakurudia usoni. Hesabu zinaweza kubashiri yaliyo nyuma ya ukungu ule, na zimebashiri mengi, lakini jicho la nuru linaishia pale. Fundo la arobaini.

Na pembeni kuna upeo. Ukisimama ufukweni Raskazone, maji yakiwa miguuni, mstari wa upeo wa macho uko mbele yako kama kilometa 5. Hakuna ukuta pale, jahazi linaupita na kuendelea. Ulimwengu nao una upeo wa namna hiyo: nuru ya vilivyo mbali zaidi haijapata muda wa kutufikia. Tofauti iliyonikosesha usingizi ni kwamba baharini unaweza kupanda mlingoti ukaona zaidi. Kule hakuna mlingoti. Tangu mwaka 1998 imejulikana kwamba kutanuka kwenyewe kunaongeza kasi, kwa hiyo kuna galaksi ambazo nuru zinayoitoa leo haitatufikia kamwe. Na katika hiki tunachokiona, maada ya kawaida, yaani mawe, maji, nyota, mimi na wewe, ni kama asilimia 5 tu ya vyote. Iliyobaki wataalamu wameipa majina, maada ya giza na nishati ya giza, na wamepima uzito wake. Ni nini hasa, wanasema sijui. Ile ya pili.

Wapo wanaosikia hayo wakasema basi sayansi ni bure. Nakataa kwa nguvu zangu zote. Aliyepima mpaka fundo la mwisho halingani na asiyetia kamba majini.

Sasa, kukua. Sikuitwa pembeni. Ilitokea kinyume: mwaka jana binti yangu, wa darasa la sita, alikuwa ananisaidia kufunga kibanda, akaniuliza, "Baba, kabla ya mwanzo kulikuwa na nini?" Nilikuwa nimechoka, mteja mmoja alikuwa amenisumbua tangu adhuhuri. Nikasikia "kaa chini" ikinijia ulimini, kwa sauti ile ile ya darasani. Niliimeza. Nikamwambia aviache vitasa, avute kigoda.

Nina televisheni moja ya kichogo ambayo siiuzi. Tangu ving'amuzi viingie haina kituo cha kuonyesha, ina chenga tupu. Niliiwasha. Nikamweleza kuhusu bildi, pima arobaini, samaki, njiwa wa New Jersey, ukungu wa Lushoto. Nikamwambia nyingi ya chenga hizi ni kelele za hapa hapa, za injini, za waya na za televisheni yenyewe, lakini inakadiriwa kama moja katika mia inatoka kule, mwanzoni, na imesafiri muda wote huo mpaka kwenye kioo hiki cha Ngamiani. Na kwamba kabla ya hapo, alichoniuliza, sijui.

Hakununa. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, uso wake ukiwa mweupe kwa mwanga, akaweka kidole juu ya chenga moja.

"Ni hii?"

"Sijui, mwanangu."

Akahamisha kidole. "Na hii?"