Farasi watatu, mashamba mawili: bondeni au juu?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nimestaafu, na kwa kiinua mgongo changu nataka kufuga farasi watatu wa kupanda. Nitawapanda mimi na wajukuu, na baadaye niwakodishe kwa maharusi. Nimeonyeshwa mashamba mawili. La kwanza ni ekari 15 bonde la mto Lukuledi, upande wa Mtama: majani yamejaa, maji yapo mwaka mzima. La pili ni ekari 12 juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Nanyamba: mchanga, upepo, mikorosho 60, na maji ni ya kununua. Bei zinakaribiana. Moyo wangu uko bondeni. Nichukue lipi, na niandae nini kabla farasi hawajafika? – Msomaji, Lindi

JIBU: Chukua la juu, mzee wangu. Maji yanafika kwa boza, lakini usubi na mbung'o hakuna boza la kuwaondoa.

Usubi ni vile vidudu vidogo kuliko mbu vinavyouma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Vinazaliana kwenye tope lenye samadi: kingo za mto, majaruba ya mpunga, mahali ng'ombe wanaponywea. Ndivyo vinavyobeba virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Farasi asiye na chanjo akipatwa na ile aina ya mapafu, asubuhi anaweza kuwa anakula na jioni povu linamtoka puani, na wengi wa namna hiyo hawaponi. Dawa ya kuua virusi hivyo haipo. Usubi lakini ni mrukaji dhaifu. Upepo wa mita 3 kwa sekunde unatosha kuuweka chini. Kwa hiyo huo upepo uliouandika kama kasoro ya Nanyamba ndio mali kubwa ya shamba lile.

Mbung'o nao hupenda kivuli cha vichaka vya mtoni na miombo. Kabla hujatoa hata shilingi, waulize wafugaji wa ng'ombe wa kijiji kile wanachoma sindano za nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, mara ngapi kwa mwaka. Jibu lao lina thamani kuliko maneno ya dalali. Kisha nenda kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) pale Mtwara, uombe ushauri wa kutega mitego ya kitambaa cha bluu na cheusi kwa siku tatu mfululizo. Mbung'o wakinaswa, achana na shamba hilo, liwe la juu au la chini. Nagana ya farasi huanza kwa homa ya kupanda na kushuka, anakonda huku anakula, anavimba chini ya tumbo na miguuni, mwisho anayumba nyuma.

Upande wa ardhi nitapita haraka. Shamba la kijiji liko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Hati ya kuandikiana na muuzaji pekee haitoshi, lazima halmashauri ya kijiji iridhie, na ufuatilie hati ya hakimiliki ya kimila. Tazama pia mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, usije ukaweka farasi eneo la kilimo ukaanza ugomvi na majirani. Na kwa kuwa ni kusini, uliza wazi mbele ya mashahidi kama mikorosho ile imewekwa rehani. Unaweza kununua ardhi ukakuta mavuno ya miaka mitatu ni ya mtu mwingine.

Sasa maji, maana ndiyo hofu yako. Farasi wa kilo 400 kwa joto letu hunywa lita 30 hadi 45 kwa siku, na akifanya kazi huzidi hapo. Kwa watatu, pamoja na kuosha vyombo na kuwapoza, hesabu lita 200 kwa siku. Kiangazi kirefu cha kwetu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Desemba, ni kama siku 210, yaani lita 42,000. Paa la mita 18 kwa 8 lina eneo la mita za mraba 144. Kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hata ukitoa asilimia 20 ya upotevu, linakusanya zaidi ya lita 100,000. Kinachokosekana ni mahali pa kuyahifadhi. Jenga tangi la chini la saruji la lita 50,000, au weka matangi matano ya plastiki ya lita 10,000 kila moja yakiwa kivulini. Boza litabaki la dharura.

Kuna jambo moja kwenye paa hilo. Kuanzia Juni majirani watapuliza salfa kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiru unga, na vumbi lake litatua juu ya bati. Mvua ya kwanza italishusha lote tangini. Weka bomba la kumwaga maji ya mwanzo, angalau lita 300 kwa paa la ukubwa huo, kabla maji hayajaelekea tangini, na safisha mifereji mwezi Oktoba. Salfa ikiliwa kwa wingi huua farasi, na vumbi lake huwasha macho na mapafu. Siku ya kupuliza, farasi wahamishiwe upande upepo unakotokea, na majani yaliyopata vumbi wasilishwe. Gunia la salfa lisilale kamwe kwenye stoo ya chakula.

Mikorosho 60 kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 inachukua kama ekari 2. Usiikate, itakulipia majani. Izungushie uzio wake, maana mabibo yaliyoanguka na kuchacha yakiliwa kwa wingi huleta msokoto wa tumbo. Farasi hana uwezo wa kutapika, na gesi ikijaa tumbo linaweza kupasuka. Maganda ya korosho yasitumike kabisa kama matandiko, kwa kuwa mafuta yake huunguza ngozi.

Ekari zilizobaki zigawe hivi: moja ya majengo na kiwanja cha kufundishia, nne za kukata majani, tano za malisho ya kuzungusha. Usitegemee malisho yale kiangazi, yatakuwa uwanja wa kunyooshea miguu tu. Farasi mmoja anahitaji kama kilo 8 za majani makavu kwa siku. Watatu kwa siku 210 ni kilo 5,040, ongeza asilimia 15 ya upotevu, unafika karibu tani 5.8. Kwa marobota ya kilo 15 ni kama 390. Panda nyasi aina ya Rhodes, kilo 5 za mbegu kwa ekari, mvua zinapoanza kunyesha mfululizo Desemba. Kata zinapoanza kutoa maua, anika siku mbili hadi tatu, funga kwa sanduku la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45. Robota lililofungwa bichi huota ukungu na linaweza hata kushika moto lenyewe.

Usishawishike kupanda setaria au kutegemea matete. Zina oksalati nyingi inayofunga kalsiamu, mifupa ya uso inavimba na farasi anachechemea bila jeraha. Pumba za mahindi zinaongeza tatizo lile lile, kwa kuwa zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Ng'ombe hunenepa kwa pumba, najua, lakini farasi mpe kilo moja au mbili tu, na kila kilo uichanganye na gramu 30 za chokaa ya mifugo. Mahindi yenye ukungu ni sumu ya ubongo kwa farasi hata yakionekana na kasoro ndogo. Kwa unyevu wa pwani, nunua ya mwezi mmoja tu kwa wakati. Chakula cha kuku wa nyama nacho kisikaribie banda. Mara nyingi kina monensini, dawa ya kinga ya kuku, na kiasi kidogo chake huharibu moyo wa farasi.

Mchanga wa Makonde una adhabu yake. Farasi akilishwa chini humeza mchanga, unajikusanya kwenye utumbo, tumbo linafunga. Weka hori la saruji au mpira sakafuni kwa upana wa mita 2 chini ya majani. Kila wiki mbili chukua madonge sita ya mavi, yakoroge kwenye ndoo ya maji, uache yatulie. Ukiona mchanga umejaa kijiko cha chai chini ya ndoo, mwite daktari.

Uzio usiwe wa seng'enge ya miba. Farasi akishtuka hukimbia kwanza na kufikiri baadaye, akinasa mguu anauvuta hadi nyama ichanike. Tumia nguzo zilizotiwa dawa, urefu mita 2.1, zichimbiwe sentimita 70, umbali wa mita 2.5. Mchwa wa kule hawana simile na mti mbichi. Juu weka mbao tatu, ya juu kabisa mita 1.4 kutoka ardhini. Usipande mnyaa kuwa uzio: utomvu wake hupofusha.

Banda la kila farasi liwe mita 3.6 kwa 3.6, mlango upana mita 1.2 na urefu 2.4, ukuta mita 3 hadi mwanzo wa paa. Sakafu ya saruji iliyokwaruzwa, mwinuko wa sentimita 2 kwa kila mita, juu yake maranda ya seremala kina cha sentimita 15. Madirisha na sehemu za juu zote zifungwe wavu. Wavu wa kawaida wa mbu una matundu makubwa kwa usubi, kwa hiyo tafuta wenye tundu chini ya milimita moja, au ule wa kawaida uliotiwa dawa ya jamii ya pairethroidi. Wavu mzito unazuia hewa, hivyo ongeza feni ya sola kwa kila banda. Feni hiyo hiyo inaufukuza usubi. Farasi wawe ndani saa moja kabla ya jua kuzama na watoke saa moja baada ya kuchomoza. Lundo la samadi likae mita 50 upande unakoelekea upepo.

Dukani usinunue dawa ya kuogesha yenye amitrazi. Inafaa kwa ng'ombe, lakini kwa farasi husimamisha utumbo. Diminazini, dawa ya nagana, nayo farasi huivumilia vibaya, dozi ipangwe na daktari kwa uzito. Uzito unapimwa kwa futi kamba: mzunguko wa kifua mara mzunguko wa kifua mara urefu wa mwili, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 11,880. Kifua 170 na urefu 160 ni kama kilo 389. Nunua na kipimajoto. Kawaida ni 37.5 hadi 38.5. Kipimo kikipita hapo ukiwa umepima asubuhi kivulini, usisubiri kesho.

Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika inatoka Onderstepoort, Afrika Kusini, chupa mbili zinazochomwa kwa kupishana wiki tatu hadi nne, na kuiingiza nchini kunahitaji kibali. Wachanjwe huko wanakotoka, wakae wiki tatu zaidi baada ya chupa ya pili, wachanjwe pia pepopunda na kichaa cha mbwa. Lete farasi Septemba, salfa ikiwa imekwisha na usubi ukiwa mchache. Usisahau kibali cha kusafirisha mifugo. Njiani lori lisimame kila baada ya mwendo wa saa nne, wanyweshwe, wapumzike dakika 30. Wakifika, siku tatu za kwanza ni majani makavu na maji tu; pumba zianze siku ya nne, nusu kilo.